Bunduki ya Kutazamwa na Bunduki ya Kazi

Silaha zilizotumika Kitui na Makueni, na maana yake kwa mkulima wa skimu

Mkulima wa skimu za Makueni, na mwenzake wa Kitui ya kusini upande wa Ikutha na Mutha, wanalima katika nchi ambayo jana tu ilikuwa ya wanyama. Makueni ilikuwa pori la mbung'o na vifaru, na Serikali ilipotaka kuwapeleka watu huko kulima, ilimtuma kwanza Bwana J. A. Hunter wa Idara ya Wanyama wa Mwitu. Kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua vifaru karibu 1,000. Msafiri wa barabara ya Mombasa bado hulikuta jina lake pale Kiboko, katika hoteli iitwayo Hunter's Lodge. Vifaru wenyewe hawaonekani tena mashambani. Waliobaki ni wachache sana, weusi, huko milima ya Chyulu, nao wanalindwa usiku na mchana.

Nchi iliyopatikana kwa bunduki haisahau bunduki. Mpaka leo wanaume wakikaa kivulini husikia mtu akisifu silaha hii na mwingine akiitetea ile, ingawa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima Mei 1977. Basi hatuandiki makala haya ili mtu atoke kutafuta nyama. Twaandika kwa sababu mabishano hayo yana faida yake: mtu anayejua silaha ipi yaweza kazi ipi ataelewa kwa nini askari wa wanyamapori hafyatui ovyo anapoitwa shambani, na kwa nini mshale wa kijana mmoja waweza kumwua jirani yake.

Uta na mishale

Tuanze na silaha ya nyumbani. Uta wa Kikamba ni mwepesi na mzuri wa kutazama, umechongwa ukalainishwa, na kamba yake ni ya mshipa wa mnyama. Mshale ndio wenye akili zaidi. Kichwa chake cha chuma kimetiwa katika kijiti kifupi, na kijiti hicho kimechomekwa katika uti mrefu wenye manyoya nyuma. Mnyama akipigwa hukimbia, uti huanguka, lakini kijiti chenye sumu hubaki mwilini. Sumu yatokana na mti ambao Wakamba huuita kivai, nayo husimamisha moyo. Ili isikauke na isimkwaruze mwenye nayo, ilifungwa kwa ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ilifunguliwa wakati wa kupiga tu.

Jirani zetu Wawaata, ambao wengine huwaita Waliangulu, wa nchi ya mto Galana, walikuwa na uta mwingine kabisa. Wao walikuwa wawindaji wa tembo, na uta wao ulikuwa mgumu mno. Mzito wake wa kuvuta ulipita ratili 100, na wageni wenye nguvu walijaribu wakashindwa kuuvuta mpaka mwisho. Kwa sura hauna madoido yo yote. Ni fimbo ndefu. Lakini kwa kazi ya tembo uliushinda uta wa Kikamba mbali sana, kwa kuwa mshale wake uliingia ndani ambako uta mwepesi haukufika. Walinzi wa Tsavo, wakiongozwa na Bwana David Sheldrick na Bwana Bill Woodley, walipofanya msako mkubwa wa mwaka 1956 na 1957, walizikamata nyuta za aina zote mbili, na tofauti hiyo waliijua vizuri.

Uta wa Kikamba, basi, ulikuwa silaha ya swala, digidigi na tandala mdogo, si ya mnyama mzito. Kwa swala aliye hatua 20 au 30 ulitosha, na tena haukupiga kelele. Ubaya wake ulikuwa katika sumu. Sumu mpya humwangusha mnyama upesi. Sumu iliyokaa miezi katika podo, au iliyoshikwa na hewa, hupungua nguvu bila kuonyesha dalili nje. Mshale ni ule ule, rangi ni ile ile, lakini nyati aliyepigwa hafi: huingia kichakani na kidonda chake, naye hukaa hapo akimngoja yule atakayepita.

Bunduki ya .303

Vijana wengi wa Ukambani waliingia jeshi la King's African Rifles, na huko waliijua bunduki ya Lee-Enfield ya .303. Askari wa wanyama nao walipewa hiyo hiyo. Hakuna aliyeisifu kwa uzuri. Mbao zimeifunika karibu mpaka mdomoni, uzito wake ni ratili 9 hivi, na ukiiweka kando ya bunduki ya dukani ya Uingereza yaonekana kama jembe kando ya kisu cha mezani. Lakini komeo lake ni jepesi na la haraka, hushika risasi 10, na vumbi la Kibwezi halikuisumbua sana. Mtu aliyefundishwa aliweza kupiga risasi nyingi kwa shabaha kabla mwenye bunduki ya fahari hajapiga tatu.

Kosa la .303 kwa mnyama halikuwa katika bunduki bali katika risasi. Risasi ya jeshi imefunikwa chuma kote, nayo hupita katika mwili wa swala kama sindano katika kitambaa. Swala aliyepigwa tumboni kwa risasi hiyo aliweza kwenda maili nyingi. Risasi ya mwindaji ilikuwa na ncha laini ya madini ya risasi, ambayo hutanuka inapogonga nyama, na jeraha lake ni kubwa. Watu wawili waliweza kushika bunduki moja ile ile, mmoja akaangusha tandala pale pale, mwingine akamfuata mpaka jua likatua. Anayebishana juu ya bunduki bila kuuliza ilitiwa risasi gani anabishana bure.

Bunduki za kupendeza

Wageni waliokuja na leseni kabla ya 1977 walileta bunduki zilizotengenezwa kwa ustadi. Iliyopendwa zaidi kwa sura, nasi twakubali, ilikuwa Mannlicher-Schönauer ya milimita 6.5, ya mwaka 1903. Ni fupi na nyembamba, mbao yake huenda mpaka mdomo wa mtutu, na mkono wa komeo lake ni bapa kama kijiko. Hushika risasi 5, na komeo lake huteleza kama mafuta. Risasi yake ni ndefu, uzito wake gramu 10 hivi, nayo huingia ndani sana kwa sababu ni nyembamba. Kwa swala pala ilikuwa silaha safi: haipigi teke, na mtu asiyeogopa teke hulenga vizuri.

Ya pili katika daraja hiyo ilikuwa Rigby ya .275, yenye komeo la Mauser. Bwana W. D. M. Bell alijulikana dunia nzima kwa kuwaua tembo wengi kwa bunduki hiyo ndogo, hasa upande wa Karamoja katika Uganda. Jambo hili liliwadanganya watu wengi. Bell alikuwa amechunguza vichwa vya tembo waliokufa mpaka akajua mahali pa ubongo kutoka kila upande, na mkono wake haukutetemeka. Mtu wa kawaida aliyeiga bunduki yake bila elimu yake aliwajeruhi tembo tu, na tembo waliojeruhiwa waliwaua watu wasiohusika.

Kuna neno jingine la kusema juu ya bunduki hizi katika nchi yetu. Watengenezaji walizisifu kwa kupiga mbali, hata yadi 300, na wengine walizitia darubini juu. Katika nyanda za Athi sifa hiyo ilikuwa na maana. Lakini nenda vichaka vya Mutha au vya Mtito Andei: ni nadra kumwona mnyama mbali ya yadi 50, naye huonekana sikio na kipande cha bega tu. Hapo darubini huonyesha matawi. Na risasi yo yote, iwe nyepesi au nzito, ikigusa kijiti hupotoka. Katika pori la miiba bunduki fupi yenye kulengwa kwa jicho tupu iliishinda ile ndefu ya bei kubwa, na mtu aliyeweza kutulia mpaka mnyama atoke nje ya matawi aliwashinda wote wawili.

Bunduki nzito

Kwa kifaru, nyati na tembo habari ni nyingine. Bwana Hunter, ambaye wanyama hao walimjia mbio vichakani kila siku, aliisifu bunduki ya mitutu miwili ya .500 iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London. Ina risasi mbili tu, na kila mtutu una mtambo wake. Ikikwama upande mmoja, upande wa pili bado wapiga. Bunduki ya namna hii yapendeza sana, imechorwa nakshi, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Lakini hapa uzuri na kazi vilikutana, kwa sababu mtu anayekimbiliwa na kifaru katika njia nyembamba hana nafasi ya kuvuta komeo.

Wasioweza bei hiyo walichukua bunduki za komeo: .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, ama .416 ya Rigby ya mwaka 1911, au baadaye .458 ya Winchester iliyotoka Marekani mwaka 1956. Ya mwisho si nzuri kwa macho, lakini risasi yake ina uzito wa gramu 32, karibu mara tatu ya ile ya .303, na ilikuwa rahisi kuliko mitutu miwili. Kama tungeulizwa tuchague moja kwa kazi zote, tungesema .375. Yaweza kumpiga swala bila kumharibu, na yaweza kumsimamisha nyati. Tanzania, ambako uwindaji wa leseni ungali unaruhusiwa, .375 ndiyo ndogo kabisa inayokubaliwa kwa tembo na nyati.

Ya marisau, ambayo wakulima wengi waliitamani, ilifaa kwa kanga na kwa nyani waliovamia mahindi, nayo haizidi yadi 40. Kwa mnyama mkubwa ni ya kumkasirisha tu.

Askari anapofika shambani

Sasa tuje kwa mkulima wa leo. Tembo wakitoka Tsavo au Chyulu usiku na kuingia katika pojo na mahindi, mwenye shamba hupiga simu, na askari wa KWS hufika. Mara nyingi hupiga hewani, huwasha taa na kupiga honi, na watu hukasirika wakisema, ‘Ana bunduki, mbona hapigi?’ Jibu liko katika yale tuliyoyasema juu. Bunduki anayobeba askari kwa doria ni ya kupambana na majangili. Kwa tembo mzima ni nyepesi, na tembo aliyejeruhiwa gizani kati ya nyumba za watu ni hatari kuliko tembo kumi wanaokula mahindi. Mnyama aliyeamuliwa kuuawa huhitaji bunduki nzito, mtu aliyefundishwa, na mwanga wa mchana. Kwa hiyo mpe askari nafasi, ondoa watoto na mbwa, wala usimsukume afyatue.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataja fidia: shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, na malipo kwa walioumizwa na kwa mazao pia. Malipo huchelewa, hilo kila mtu alijua. Lakini asiyepiga ripoti hana hata cha kungojea. Piga ripoti mapema kabla nyayo hazijafutika, chukua picha kwa simu, na upate majirani wa kushuhudia. Mtu akikutwa ametega mitego au amempiga mnyama mshale, atashtakiwa yeye, na habari ya mahindi yake haitasikilizwa tena.

Mwisho ni habari ya podo la babu. Katika nyumba nyingi liko bado darini, na mishale ndani yake imefungwa ngozi kama ilivyoachwa. Tumesema kwamba sumu hupungua nguvu. Hatukusema kwamba huisha, na jicho haliwezi kutambua. Mtoto akijikwaruza kwa mshale huo, hakuna dawa ya nyumbani ya kumponya. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba ni sumu ya mshale. Uta waweza kutundikwa ukutani, kwa kuwa ni kazi nzuri ya mikono ya wazee. Mishale yenye sumu usiifungue ngozi na usiitupe shimoni wala motoni: mwambie chifu, ama kituo cha KWS kilicho karibu, waje waichukue.