Goti Lisilojua Kupiga Goti

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, binti wa Kisukuma akikutana na bibi asubuhi hamwamkii kwa kusimama. Hutua ndoo, magoti yakagusa vumbi, ndipo husema, "Mwangaluka." Bibi naye siku yake ni ya kukunja miguu: choo ni cha shimo, na msimu wa pamba hukaa chini kuchambua, safi huku, fifi kule.

Sasa tuseme bibi huyo kawekewa goti bandia. Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 14243, goti la aina hiyo hufungwa kwenye mashine likatembezwa, kwa kawaida mizunguko milioni 5. Mzigo hufika nyutoni 2,600, karibu uzito wa kilo 265, na mkunjo huishia nyuzi 58. Hapo mtu anatembea sakafuni. Kuchuchumaa hasa hudai nyuzi 130 au zaidi.

Wahandisi hawalali. Picha za CT huzigeuza mifupa ya ndani ya kompyuta, wakaigawa vipande vidogo maelfu kwa maelfu na kupiga hesabu ya mkazo wa kila kimoja. Humo huonekana kwamba goti bandia likikunjwa sana, chuma chake huhama katikati ya plastiki na kuegemea nyuma, mahali padogo penye mzigo mkubwa. Ni kazi safi, tena nafuu kuliko kuchonga chuma kwa kubahatisha. Ila kompyuta hujibu ulichoiuliza.

Korea Kusini waliyaona matokeo ya mkunjo huo. Kulikuwa na goti lililochorwa upya makusudi ili likunjike zaidi. Mwaka 2007 madaktari wa huko waliripoti kuwa kati ya magoti 72 ya aina hiyo, zaidi ya theluthi yalilegea upande wa paja ndani ya miaka michache. Wengi wa waliolegewa walikuwa wakichuchumaa, wakipiga magoti au wakikaa chini. Yaani waliitumia ahadi waliyopewa!

Magoti hubadilishwa hapa Tanzania pia, Taasisi ya Mifupa MOI ya Muhimbili ikiwemo. Ningekuwa na mradi, ningeanza na kamera pale Nyashimo, nipige picha za salamu na uchambuzi wa pamba, ndipo niilishe kompyuta.

Mgonjwa huambiwa aepuke kuchuchumaa. Sawa, lakini choo ni kilekile. Hapo huitwa fundi seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kikae juu ya shimo. Kimo chake hakitafuti kitabuni: humsimamisha bibi, akapima kwa kamba kutoka kisigino hadi gotini.