Tenisi kwa Mtoto Anayeanza: Michezo Mitano Mzazi Anayoweza Kumchezesha

Mtoto anayeanza tenisi huvunjika moyo upesi kwa sababu mbili: mpira unamkimbia, na zamu yake inachelewa kufika. Zote mbili mzazi anaweza kuziondoa, hata kama hajawahi kushika raketi.

Anza na mpira wenyewe. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa (ITF) linatambua mipira ya aina tatu kwa watoto: mwekundu, ambao ndio wa polepole zaidi, wa chungwa, kisha wa kijani. Tangu 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini hayachezwi kwa mpira wa kawaida wa manjano. Mpira mwekundu haudundi juu sana, na uwanja wake una urefu wa mita 11 hivi, badala ya 23.77. Chaki, sakafu ngumu na kamba iliyofungwa kati ya viti viwili vinatosha.

Beba yai. Atembee na mpira juu ya raketi bila kuuangusha. Akizoea, audundishe chini mara 10.

Achia, daka. Simama hatua nne mbele yake, mikono umeinyoosha pembeni, kila mmoja na mpira. Achia mmoja, audake kabla haujadunda mara ya pili. Akiweza, rudi nyuma hatua moja.

Dunda, piga. Mpira ukigusa chini aseme "dunda!", ukigusa raketi aseme "piga!" Zoezi hili limo katika *The Inner Game of Tennis*, kitabu cha Timothy Gallwey cha 1974. Linamfanya aufuate mpira kwa macho muda wote.

Jaza ndoo. Weka ndoo ng'ambo ya kamba, arushe mipira kwa mkono, kutokea juu ya bega. Mwendo huo ndio atakaoutumia baadaye kwenye servisi.

Hesabu yetu. Pigianeni mpira taratibu, mkihesabu pamoja kwa Kiswahili. Hakuna wa kumshinda mwenzake. Mnaishindania rekodi yenu ya jana. Watoto wetu wengi huku ughaibuni hukwama baada ya kumi. Anayetaka kufika ishirini na saba itabidi ajue kuitamka.

Kila mchezo dakika tano hadi kumi. Usimsahihishe kila pigo, na acheni akiwa bado anataka. Kesho yeye ndiye atakayekuletea raketi.