Kijana Ajengaye Nyumba ya Mwenzake

Wazazi wengi wa Kikristu hutuletea shauri lile lile: mtoto wao amebatizwa, amepata Kipaimara, amemaliza masomo ya misioni, mbona leo, akiwa na miaka 20, imani yake imekuwa kama taa isiyo na mafuta? Shauri hilo ni zito, wala hatutaki kulijibu kwa maonyo matupu. Sisi walimu twajua kwamba katekisimu huingia kwa masikio na kukaa kichwani. Ili ishuke moyoni, yahitaji kupitia mikononi. Kijana ambaye Kanisa halimtumi kazi yoyote hudhani kwamba Kanisa halimhitaji. Naye huenda kuwatafuta watu watakaomhitaji, wawe wema au wabaya.

Basi leo twawaletea habari za vijana waliokua katika imani huku wameshika mwiko na matofali.

Msaidizi wa waashi huko Mbandaka

Wa kwanza ni ndugu yetu wa Kongo, Mwenye Heri Isidore Bakanja. Alizaliwa katika kijiji cha Bokendela, katika nchi ya Wamongo, yapata mwaka 1887. Alipokuwa kijana aliondoka kwao akaenda mjini kutafuta kazi, kama wafanyavyo vijana wengi wa siku hizi. Mji huo ulikuwa Mbandaka, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Coquilhatville. Huko akapata kazi ya kuwasaidia waashi. Kila mtu ajua kazi hiyo ilivyo: ni kubeba, kukanda, kuinama na kuinuka tangu asubuhi hata jioni, na sifa zote humwendea fundi.

Katika kazi hiyo hiyo Bakanja alisikia habari za Yezu Kristu. Wamisionari Watrapisti walimfundisha dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Tangu siku ile hakuvua tena skapulari ya Bikira Maria wa Karmeli, wala rozari haikumtoka mkononi. Hakuwa padri, wala hakungoja kupewa cheo cha katekista. Aliwafundisha wenzake sala alizozijua, basi.

Baadaye alikwenda kufanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu katika shamba la kampuni huko Ikili. Msimamizi wa shamba alichukia sala za wafanyakazi, akamwamuru Bakanja avue skapulari. Bakanja alikataa. Mwaka 1909 alipigwa kwa kiboko chenye misumari, hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliteseka kwa miezi, akafariki tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni.

Imani iliyovumilia mapigo yale ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ubatizo. Ilikua upesi hivyo kwa sababu Bakanja aliitumia kila siku. Anayewafundisha wenzake sala hulazimika kusali yeye mwenyewe. Anayewaambia wenzake wasameheane huona haya kuweka kinyongo.

Wanafunzi waliojenga nyumba za adui

Habari ya pili yatoka Ulaya, lakini mtaona kwamba imefika hata Kivu.

Vita kuu ilipokwisha mwaka 1945, mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa kutoka nchi za mashariki. Walifika Ujerumani ya magharibi bila kitu, wakalala katika mahandaki, kambi na maghala. Nani angewahurumia? Watu wa Ubelgiji na Uholanzi walikuwa bado wanawalilia wafu wao waliouawa na majeshi ya Wajerumani. Lakini katika monasteri ya Tongerlo, Ubelgiji, alikuwako padri kijana mwenye asili ya Uholanzi, Werenfried van Straaten. Mwezi wa Desemba 1947 aliandika katika gazeti la monasteri kwamba Mtoto Yezu amekosa nafasi tena, safari hii kati ya wakimbizi wa Ujerumani. Kisha akaenda kijiji kwa kijiji kuwaomba wakulima wa Flandria chakula. Wengi hawakuwa na fedha, wakatoa mafuta ya nguruwe. Ndiyo sababu watu walimbandika jina la Padri wa Mafuta ya Nguruwe. Alihubiri hata katika kijiji cha Vinkt, ambako mwezi wa Mei 1940 askari wa Ujerumani waliwaua raia zaidi ya 80. Watu wa Vinkt pia walitoa.

Lakini chakula huliwa kikaisha, na mtu asiye na nyumba hubaki mkimbizi hata akishiba. Mwaka 1953 Padri Werenfried alianzisha chama cha vijana wajenzi. Vijana hao, wengi wao wanafunzi, waliacha mapumziko yao wakaenda kuwajengea wakimbizi nyumba. Hawakupokea mshahara; walipewa chakula na mahali pa kulala. Walichimba misingi, walikanda saruji, walipanga matofali, na mara nyingi baba wa jamaa ile ile iliyokosa nyumba alifanya kazi kando yao.

Hebu tufikiri pamoja jinsi kazi ya namna hiyo inavyougeuza moyo. Kijana aliyesoma sana hana budi kumtii fundi asiyesoma kitu, kwa maana timazi haijali shahada. Ukuta ukienda upande, lazima ubomolewe, hata kama aliyeujenga ni mtoto wa mkubwa. Tena mtu hawezi kubeba matofali ya adui yake mchana kutwa, akala naye sahani moja jioni, na kuendelea kumchukia kama jana. Chuki yahitaji umbali. Kazi ya pamoja huuondoa. Hivyo kijana aliyejua amri ya kumpenda adui kwa maneno tu sasa aijua kwa mabega yake.

Padri Werenfried alifika pia Kongo baada ya maasi ya mwaka 1964, akayaona mateso ya watu wetu. Mwaka 1966, pamoja na Mama Hadewych, alianzisha huko Bukavu shirika la Masista liitwalo Mabinti wa Ufufuko. Lilikuwa hasa kwa ajili ya wasichana wa vijijini waliotaka kumtumikia Mungu lakini hawakuwa na masomo makubwa. Hivyo moto uliowashwa kati ya wakulima wa Flandria ulifika kwetu. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 31 Januari 2003, akiwa na miaka 90.

Na sisi je?

Kwetu mashariki ya Kongo hatuhitaji kusafiri mbali ili kumwona mtu aliyekosa nyumba. Volkano ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Goma mwezi wa Januari 2002, hata kanisa kuu; tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena, ikala maelfu ya nyumba. Na vita, kwa miaka zaidi ya 25, vimewafukuza watu wengi kupita volkano. Kijiji hiki chasema kwamba kile ndicho kilichotuchomea. Kile chasema vivyo hivyo juu ya hiki.

Vijana wengine watasema: kazi ya namna hii ni salongo, nasi twaijua. Hapana. Katika miaka ya Mobutu salongo ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Watu waliifanya kwa kuogopa adhabu, na wengi waliikimbia. Kazi tunayoisema sisi ni ya hiari, na ya mtu mmoja kwa mwenzake. Njia tayari tunayo. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo za Wakristu, ambazo wengi wetu twaziita mashirika. Katika kila shirika yumo mama mjane ambaye paa lake lavuja. Vijana sita, siku za Jumamosi mbili au tatu, wanaweza kulitengeneza. Fundi mmoja awaongoze. Mabinti wasiachwe kuteka maji tu, bali nao washike mwiko. Na kazi ianze kwa sala na iishe kwa sala. Zaidi ya yote, paa la kwanza lisiwe la jamaa ya kabila lenu. Hapo ndipo imani hujaribiwa, na hapo ndipo hukua.

Kutoka nyumba hadi jamaa

Wazazi wataona faida nyingine. Kijana aliyejenga kwa ajili ya mwingine huwa amejiandaa kwa ndoa bila kujua. Amejifunza kuamka mapema pasipo kushurutishwa, kumaliza alichoanza, kukosolewa bila kukasirika. Wachumba wengi huhesabu mali ya mahari na gharama za sherehe, wasiulizane kama wanaweza kuvumiliana siku ya mvua. Binti amtazame mchumba wake kazini: ampaje mwenzake tofali? Amwitikiaje fundi anapomkosoa? Kijana naye amtazame binti vivyo hivyo. Jumamosi moja ya kazi huonyesha mengi kuliko barua kumi.

Tarehe 24 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Bakanja kuwa Mwenye Heri, na siku ile ile pamoja naye akawatangaza mama wawili wa jamaa, Waitalia. Wa kwanza ni Gianna Beretta Molla, mganga, aliyefariki mwaka 1962 baada ya kukubali hatari ya kifo ili mtoto wake azaliwe. Wa pili ni Elisabetta Canori Mora wa Roma, ambaye mume wake alimwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine. Alishona nguo ili kuwalea binti zake, akamwombea mume wake hata kufa, mwaka 1825. Kisha mume huyo akatubu, akaingia utawa, akawa padri.

Msaidizi wa waashi na mama wawili wa nyumba waliinuliwa siku moja. Tusidhani, basi, kwamba utakatifu wakaa tu katika nyumba za mapadri na masista.

Vijana wetu wapenzi, msingoje mwito mkubwa. Juma hili tafuteni paa moja linalovuja, mwombeni mwenye nyumba ruhusa kwa heshima, mkaanze. Nanyi baba na mama, msiwazuie kwa kusema kwamba wanawafanyia watu wengine kazi ya bure. Bwana wetu, aliyefanya kazi ya mikono katika nyumba ya Yozefu huko Nazareti, awabariki.