Imani, Ushahidi na Kikombe cha Samunge

Kuamini bila ushahidi ni kosa, alishikilia mwanahisabati Mwingereza W. K. Clifford mwaka 1877, na kosa hilo halina msamaha kwa yeyote. Mmarekani William James alimjibu mwaka 1896 kwamba yapo mambo mazito yasiyongoja, na asiyeamua huwa ameshaamua. Ila James aliweka sharti, nalo husahaulika upesi: ruhusa hiyo ni kwa mambo ambayo ushahidi hauwezi kuyakata.

Sharti hilo lilijaribiwa wilayani Ngorongoro mwaka 2011. Huko Samunge, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, aligawa kikombe cha mizizi ya mti wa mugariga iliyochemshwa, kwa shilingi 500, akisema Mungu alimfunulia ndotoni kuwa kinaponya kisukari, kansa, pumu na UKIMWI. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita. Mawaziri walikunywa. Wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni.

Serikali ilitangaza kuwa kinywaji hakina madhara. Lakini Babu hakuwa akitegemea mti: alisema mizizi hiyo hiyo akiichemsha mwingine, haiponyi, kwa kuwa nguvu ni ya Mungu. Hapo maabara haina la kusema, na wengi wakaona mjadala umefungwa. Haukufungwa. Nguvu inatoka wapi, hakuna kipimo cha kujua. Kama mgonjwa amepona, kipimo kipo. Tone la damu ya kidole linatosha kuonyesha sukari. Aliyekunywa kikombe na kuendelea na ARV, dawa za UKIMWI, bado alikuwa na tiba yake. Aliyeziacha aliamini jambo ambalo damu yake ingeweza kulikanusha, na James hamtetei.

Imani ya mzee wa Kimaasai wa Endulen, huko huko Ngorongoro, kwamba Oldoinyo Lengai ni mlima wa Enkai, Mungu wa Wamaasai, ni ya namna nyingine. Mvua ni neema ya Enkai Narok, mweusi; ukame ni hasira ya Enkai Nanyokie, mwekundu. Inyeshe isinyeshe, imani haitikisiki. Kwa Clifford huo ni udhaifu mtupu. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mmarekani, angesema imani ya namna hiyo yaweza kuwa ya msingi, kama mtu anavyoamini kumbukumbu zake bila kuzidai ushahidi kwanza. Tatizo ni kwamba mlango huo ni mpana: hata ndoto ya Samunge inapita. Kinachokwama ni ahadi ya kuponya, maana hiyo ina kipimo, na mzee huyo huyo humpeleka mtoto mwenye homa hospitalini bila kuona kuwa amemkosea Enkai.