Tembea, Linda Moyo Wako

Asubuhi ng'ombe hutoka bomani. Mmasai huwafuata kwa miguu mpaka jioni. Tangu zamani chakula chake kikubwa ni maziwa na nyama. Vyakula hivyo vina mafuta mengi. Je, damu yake haijai mafuta?

Daktari mmoja kutoka Marekani, George Mann, alijiuliza swali hilo. Akaja kuwapima Wamasai wa Tanganyika. Mwaka 1964 alitoa taarifa yake. Mafuta katika damu yao yalikuwa machache. Ugonjwa wa moyo ulikuwa haba. Mwaka 1972 alieleza habari za mioyo ya Wamasai 50 waliokufa. Kuta za mishipa zilikuwa na mafuta. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilipata njia. Mann aliona kuwa kutembea sana kuliwasaidia.

Miaka mingi baadaye watafiti wengine walipima Watanzania 985. Walikuwamo Wamasai, watu wa vijijini na watu wa mjini. Nguvu ambazo Mmasai alitumia kwa kutembea na kufanya kazi zilikuwa karibu mara tatu ya zile za mtu wa mjini. Mafuta katika damu yake pia yalikuwa na hali nzuri zaidi.

Mafuta ya damu ni nini?

Aina moja huitwa lehemu, au kolesteroli. Ini letu huitengeneza, na mwili unaihitaji. Lakini ikizidi, hujishika kwenye kuta za mishipa ya damu. Mshipa huwa kama mfereji wa shamba uliojaa tope. Damu isipofika kwenye moyo, mtu anaweza kufa ghafla. Isipofika kwenye ubongo, mtu hupooza.

Lehemu ikizidi, kwa kawaida mtu hasikii maumivu. Anaweza kulima leo na kuanguka kesho. Hujulikana kwa kupima damu tu.

Siku hizi pikipiki zinafika vijijini. Safari ya kisimani, sokoni na mashineni hufanywa kwa kupanda. Tunatembea kidogo, lakini tunakula vilevile. Hapo ndipo hatari inapoingia. Hata Mmasai akiacha kutembea, kinga yake hupungua.

Tufanye nini?

1. Tutembee kwa haraka angalau nusu saa kwa siku, siku tano kila wiki. Kulima, kutwanga na kuchota maji pia ni mazoezi.

2. Tupunguze nyama ya mafuta, samli, siagi na mafuta yanayoganda. Tutumie mafuta ya alizeti, lakini kwa kiasi.

3. Tule maharage, kunde, mboga za majani na matunda kila siku. Samaki ni bora kuliko nyama ya mafuta.

4. Tupunguze sukari na pombe. Vyote viwili huongeza mafuta katika damu.

5. Tuache tumbaku. Inaharibu mishipa.

6. Aliyefika umri wa miaka 40, au mwenye ndugu aliyeugua moyo, amwulize mganga juu ya kupima damu. Aliyepewa dawa asiiache kwa sababu anatembea.

Ndugu msomaji, kesho unakwenda sokoni. Kama si mbali na mzigo si mzito, nenda kwa miguu. Nauli utabaki nayo, na moyo wako utapata nguvu.