Jasho la Bati

Ni saa kumi na moja alfajiri katika nyumba ya mbao kwenye mteremko mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tone la maji linadondoka juu ya blanketi, kisha jingine. Usiku kucha mvua haikunyesha. Fundi akiitwa atapanda juu, atafute tundu la msumari, apake lami, alipwe, aende zake. Alfajiri ya pili tone litadondoka palepale.

Maji yale yametoka kwa waliolala. Mtu akiwa usingizini hutoa kama gramu 40 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na kwa ngozi. Watu sita wakilala saa nane ndani ya nyumba iliyofungwa, wamekwisha kumwaga hewani karibu lita mbili, sufuria ya maharage haijahesabiwa.

Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba gramu 17 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo huo hushuka hadi gramu 9 na kitu, na kinachozidi hugeuka maji. Bati nalo hupoa haraka: usiku usio na mawingu hupoteza joto lake kuelekea angani, likawa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka. Na usiku wa Bukavu una baridi, maana mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari.

Aliyekulia Sange, chini katika bonde la Ruzizi, huyaona haya kama mambo ya ugenini. Kule ni chini ya mita 1,000, kuna joto, na nyumba ya matofali ya udongo yenye paa la nyasi hupumua yenyewe: ukuta hufyonza unyevu usiku, huuachia mchana. Gari likishaanza kupanda milima ya Ngomo kuelekea Bukavu, abiria huyo hutafuta koti. Akifika mjini, huziba kila ufa.

Huziba kwa shitingi, turubai la plastiki ambalo kila aliyewahi kulala kambini analijua. Shitingi huzuia mvua, ndiyo sifa yake, lakini huzuia na mvuke. Ikipigiliwa chini ya bati na juu ya dari kukashindiliwa sponji la kuzuia baridi, matone hukoma kudondoka na mwenye nyumba hufurahi. Maji yamejificha tu. Sponji likilowa halizuii tena baridi, mbao zikizidi unyevu wa asilimia 20 huwa hatarini kuoza, na kuvu huota gizani.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na kuvu za majumbani na pumu, kikohozi na maradhi mengine ya njia ya hewa. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak wa miaka 2 alifariki Desemba 2020. Miaka miwili baadaye mchunguzi wa vifo alitamka kwamba kuvu ya nyumbani kwao ndiyo iliyomsababishia kifo.

Katika nchi za baridi, mafundi hutumia utando unaopumua: karatasi ya nyuzi za plastiki zilizobanwa, yenye vitundu vidogo mno. Tone la mvua halipenyi. Mvuke, ambao husafiri molekuli moja moja, unapita. Tyvek ya kampuni ya DuPont ilianza kuuzwa 1967. Utando hukaa upande wa baridi, na kati yake na bati hupigiliwa fito ili hewa ipite. Kizuizi cha mvuke, kama kipo, huwekwa upande wa ndani wenye joto. Katika mji wa joto kama Muscat, Omani, mambo hugeuka: kiyoyozi kinapoza chumba, unyevu unatoka nje kuja ndani, na karatasi ya plastiki iliyobandikwa ukutani huota kuvu kwa nyuma.

Pasipo utando, dari ya matete na nafasi ya hewa iliyoachwa chini ya ukingo wa paa husaidia kuliko shitingi. Lakini nafasi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kulala na mbabula, jiko la makaa, inayowaka: makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua waliolala.

Kabla fundi hajalipwa, bati lipapaswe kwa chini alfajiri isiyo na mvua. Likiwa limelowa lote kama nyasi zenye umande, lami ya nini? Maji yakifuata mstari mmoja kutoka kwenye msumari, basi fundi apewe ngazi.