Je, Wajua? Redio, Njahi na Muziki Chini ya Mlima

Ulaya wanaposema majira ya kuchipua, huku Nyeri tunasema mvua ya njahi. Ndiyo, njahi hiyo hiyo ya kwenye sahani! Wakikuyu waliipa mvua ndefu ya Machi hadi Mei jina la zao lake, na ile fupi ya mwisho wa mwaka wakaiita ya mwere, yaani uwele.

Kwa kuwa kunanyesha na hutoki, sogea hapa tufungulie redio. Safu ya leo ni ya watangazaji wa redio za jamii, wale wanaoanza na mugithi, wakarukia rumba, kisha wakakumwagia country ya Jim Reeves bila kuomba radhi.

Je, wajua kwamba Nyeri ilikuwa na kituo chake cha redio miaka ya 1950, kabla Kenya haijapata Uhuru? Kiliitwa Mount Kenya. Wenzake wa mikoani walikuwa Sauti ya Mvita kule Mombasa na Lake kule Kisumu.

Mugithi maana yake ni garimoshi! Wachezaji hushikana wakafuatana kama mabehewa, na mara nyingi anayewavuta wote hao ni mtu mmoja na gitaa lake. Bendi nzima, mshahara mmoja.

Na mwomboko je? Ngoma hiyo ya wazee wetu hupigwa kwa akodioni, chombo cha Ulaya, pamoja na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Bibi yako aliicheza hadi vumbi likatimka. Muulize, halafu mwangalie uso unavyobadilika.

Hili sasa, kaa vizuri. Mpiga akodioni yuko studio Nyeri, moja kwa moja hewani. Wewe uko Nanyuki, karibu kilomita 60, redio iko sikioni. Rafiki yako yuko mle mle studio, mita 10 kutoka kwa mpigaji. Nani atasikia kwanza? Wewe! Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo yanakufikia katika moja ya 5,000 ya sekunde. Sauti ya kawaida hujikokota mita 340 tu kwa sekunde, na rafiki yako anasubiri mara mia na zaidi ya ulivyosubiri wewe. Ila usimringie kama unasikiliza kwa intaneti ya simu. Huko unachelewa sekunde nzima nzima, na wa kando ya redio keshaanza kucheza.

Lakini mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima wetu, Mlima Kenya au Kirinyaga, una mita 5,199. Mtu wa Chogoria, upande wa pili, anawekewa ukuta na Kirinyaga yenyewe!

Umewahi kupanda kilima ukisikiliza injili, ukashuka upande wa pili ukiwa ndani ya rumba? Redio yako haijapagawa. Vituo viwili vya FM vikigongana kwenye masafa yale yale, redio haivichanganyi: hukamata chenye nguvu na kukinyamazisha kingine.

Na ule mkwaruzo wa AM radi inapopiga? Ni mawimbi ya redio yanayotoka kwa radi yenyewe. Radi ni kituo kamili, kimekosa mtangazaji tu.

Tarehe 6 Februari 1952, dunia ilibadilika hapa hapa jirani. Binti mfalme Elizabeth, miaka 25, alikuwa ametoka kulala hoteli ya Treetops akarudi Sagana Lodge, nyumba aliyopewa na Kenya kuwa zawadi ya arusi. Babake alikuwa amefariki Sandringham, Uingereza, na yeye hajui! Habari ilipenya kupitia mwandishi wa magazeti aliyekuwa Nyeri, ikapigiwa simu Sagana. Mike Parker, katibu wa mumewe, akaifungua redio na kuitafuta BBC apate hakika. Kwa hiyo kabla Malkia hajajua kwamba ni Malkia, redio moja chini ya Mlima Kenya ilikuwa inajua.

Kangema, kule Murang'a, kuna redio ya jamii iliyoanzishwa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa! Inaitwa Kangema RANET, na inawaambia wakulima wa miteremko ile, kwa Kikuyu, mvua itakujaje. Unangoja wimbo, unapewa mawingu.

Na Kangema hiyo hiyo ndiko alikozaliwa mwimbaji Joseph Kamaru mwaka 1939. Huyu aliimba juu ya mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake, na walimu wakatishia kugoma. Wimbo mmoja tu! Sasa ngoja: mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru vile vile, yuko Berlin akitengeneza muziki wa milio na minong'ono ya mazingira kwa jina la KMRU. Albamu yake ya Peel ilitoka 2020. Mtangazaji akimpiga babu kisha mjukuu, utaapa hawajuani.

Ukifika Tigania, Meru, tafuta Mugambo Jwetu. Maana yake? Sauti yetu. Jina hilo halihitaji tangazo.

Redio ya jamii ya kwanza Kenya ilifunguliwa Homa Bay Mei 1982 kwa msaada wa UNESCO. Miezi mitatu baadaye likaja jaribio la mapinduzi, na kufikia 1984 serikali ilikuwa imeifunga. Koch FM ya Korogocho, Nairobi, nayo ilianza 2006 ndani ya kontena la meli. Kontena! Na bado watu wanasema hawana nafasi.

Unadhani Wazungu ndio hutuimbia sisi tu? Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza walichukua Helule Helule ya Mkenya Daudi Kabaka, wakaifikisha namba 14 kwenye chati za kwao. Weka hiyo kwenye kipindi chako, kisha uulize wasikilizaji nani alimwiga nani.

Wasichana wa Kipsigis nao walimsikia Mmarekani Jimmie Rodgers kwenye santuri, wakamtungia wimbo wakimwita Chemirocha. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1950. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Hakujua kamwe kwamba ana mashabiki Bonde la Ufa.

Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika na kila upande hubeba dakika tatu, nne hivi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za zamani zilikatwa vipande viwili, na sebene tamu, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikawa upande wa pili. Mtangazaji asiyegeuza santuri amekunyima nyama akakupa mchuzi.

Kuna wimbo wa wasichana wa Kimbuti, msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ulio mbali kuliko wimbo wowote uliowahi kuomba kwenye kadi ya salamu. Uko kwenye santuri ya dhahabu ndani ya chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, na sasa umepita kilomita bilioni 24 kutoka hapa ulipoketi. Na chombo hicho hutuma habari zake nyumbani kwa wati 23 hivi. Balbu ya zamani ya jikoni kwenu inakula zaidi!

La mwisho. Ile tabia ya kuanika betri juani zikiisha nguvu si ushamba: joto huchangamsha kemikali zilizobaki ndani, na unapata nyimbo mbili tatu za ziada. Ulizianika asubuhi, sivyo? Basi kimbia ukazianue, matone yameanza.